FERI na AD za mzigo wa Kongo zimegoma? Tatizo moja moja, sababu zake na pa kuanzia

Hii ni kwa wanaoagiza mzigo China, Dubai, Japani au Ulaya, unashukia Dar au Mombasa halafu unapanda lori kwenda Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Goma, Bukavu, Butembo, popote pale Kongo ya Kinshasa. Maswali ya hivi vyeti yanayowafikia mawakala wa Dar ni yale yale, majina ya watu tu ndo yanabadilika, kwahiyo nimeyapanga kwa dalili. We tafuta linalofanana na lako, anza na sababu ya juu maana ndo inayotokea sana, ukiona siyo shuka chini.

Kwanza tuwekane sawa. Kongo haitaki mzigo wa meli uingie bila cheti cha OGEFREM, shirika la serikali ya Kongo linalosimamia mambo ya freti, yaani usafirishaji wa mizigo, tangu 1980. Mzigo unaoshukia bandari za Kongo yenyewe, Matadi, Boma au Banana, unakatiwa FERI. Unaopita bandari ya jirani kama Dar, Mombasa, Beira au Durban unakatiwa AD. Mtaani vyote wanaita FERI na humu ntasema "cheti" tu, ila wakati wa kuomba hakikisha umechagua cha njia yako. Kingine, Kongo kuingia Jumuiya ya Afrika Mashariki 2022 hakukufuta hiki cheti, kuna watu bado wanabishana na wakala kwa hoja hiyo, wasipoteze muda.

Cheti kimoja ni kwa BL moja, ile hati ya mzigo inayotolewa na laini ya meli. Kinaombwa huko mzigo unakotokea kupitia ajenti aliyeidhinishwa na OGEFREM, kinatakiwa kiwe tayari kabla meli haijafika, na namba yake inatakiwa ionekane kwenye BL na manifesti, ile orodha ya mizigo yote ya meli. Makaratasi ni drafti ya BL, invoisi ya biashara, invoisi ya freti, pakingi list na tamko la forodha la nchi ya kutoka. Gari liongezee karatasi lake la kufutwa usajili.

Na kama kuna kitu kimoja cha kushika ni hiki: cheti hakina maneno yake mwenyewe, kinanakili BL. Ukiona cheti kina shida, tisa kwa kumi shida iko kwenye BL au invoisi, cheti kimekuonyesha tu. Kwahiyo kabla hujapiga simu kwa mtu yeyote, fungua BL, fungua invoisi, ziweke pamoja kwenye meza (siyo kwenye simu, kwenye simu macho yanaruka) usome mstari kwa mstari.

Dalili: ombi limerudishwa, wanasema kuna makosa

Hii ndo namba moja na ndo inayokula muda, maana wanachokutumia ni mstari mmoja wa Kifaransa usiosema kosa liko wapi hasa.

Sababu inayoongoza ni jina la mpokeaji. BL imeandikwa jina la kampuni kwa kifupi, invoisi ina jina refu, halafu namba ya impo, ile ya mlipakodi inayotolewa na DGI, ni ya kampuni nyingine kabisa kwa sababu mwenye mzigo anatumia makaratasi ya shemeji yake. Soma herufi kwa herufi. SARL, zile herufi za aina ya kampuni, ipo pande zote au upande mmoja? Anwani ni Lubumbashi kote au kuna mahali wameandika Dar es Salaam kwa sababu ndo bandari ya kushushia? Hili la anwani linatokea sana kwa masaplaya wa Guangzhou na Yiwu, kwao wakisikia Dar wanajaza Tanzania kila sehemu. BL ya mzigo wa transiti inatakiwa ionyeshe bandari ya kushushia Dar es Salaam na mwisho wa safari Lubumbashi au mji wako, na iandikwe kabisa kwamba mzigo unapita tu kwenda DRC. Isipoandikwa hivyo tatizo lako siyo cheti tena, forodha ya Tanzania itauona kama mzigo wa kubaki nchini.

Kama BL bado ni drafti, rekebisha BL kwanza. Usifanye ile njia ya mkato ya kumwambia saplaya abadilishe invoisi ifanane na BL iliyokosewa, utapita hapa halafu unase kwenye benki au kwa DGDA, forodha ya Kongo, ambako jina sahihi ndo lililosajiliwa.

Ya pili ni freti, yaani nauli ya mzigo. BL inasema freti imelipwa lakini kiasi hakipo, na saplaya aliyekuuzia kwa bei ya CIF (bidhaa, bima na freti pamoja) hana invoisi ya freti ya pembeni, kaweka namba moja jumla. Ajenti wa cheti anataka kuiona freti peke yake. Mwambie saplaya aiombe kwa fowada aliyemkatia nafasi kwenye meli. Halafu piga hesabu mwenyewe kabla ya kutuma: tuseme invoisi ni CIF dola 48,000, freti 5,500, bima 500, basi FOB (bei bila freti na bima) lazima itoke 42,000 kamili. Ikitoka 42,150 wanairudisha, hata kama ni dola 150 tu ya gharama za makaratasi ambayo saplaya kaiingiza kimyakimya. Na sarafu iwe moja, siyo freti kwa dola huku mzigo kwa yuani.

Ya tatu ni uzito, na hapa kuna mtego mzuri kuujua. Tangu tarehe 1 Julai 2016 sheria ya usalama wa baharini inataka kila kontena litangaziwe uzito uliohakikiwa kabla halijapakiwa, ndo hiyo VGM. VGM inajumlisha na uzito wa kontena tupu. Uzito wa jumla kwenye BL haujumlishi kontena, ni mzigo na mapakiti yake tu. Mtu anachukua namba ya VGM anaiweka kwenye ombi la cheti, haifanani na pakingi list, linarudi. Jinsi ya kugundua haraka: toa uzito mdogo kwenye mkubwa. Tofauti ikija kama tani 2.2 kwa kontena la futi 20, au tani 3.7 mpaka 3.9 kwa la futi 40, umeshapata jibu, hilo ni bati la kontena lenyewe. Tofauti ikiwa ndogo, kilo mia mia hivi, hapo kuna mtu kachanganya uzito wa bidhaa tupu na uzito wa bidhaa pamoja na mabox na paleti.

Ya nne, HS code, ile namba ya aina ya bidhaa inayotumiwa na forodha. Tarakimu sita za mwanzo ni za dunia nzima, zinazofuata kila nchi ina zake. Saplaya wa China anaandika kumi na zile za mwisho ni za kwao, Kongo hazisomeki. We linganisha sita za mwanzo kwenye makaratasi yote, zikifanana unabaki na suala la kumalizia tu na wakala wako wa Kongo anajua amalizie na nini. Zikitofautiana kwenye sita za mwanzo simama. HS code inaamua ushuru, usibahatishe kwa kutafuta ile yenye ushuru mdogo, muulize wakala wa forodha mwenye leseni.

Ya tano ni namba ya kontena. Ina herufi nne, ya nne karibu kila mara ni U, halafu tarakimu saba, na ile ya saba inapigiwa hesabu kutokana na zote zilizotangulia. Ndo maana ukikosea moja mfumo unagoma palepale hata kama hujaona kosa. Mara nyingi ni herufi O imekaa badala ya sifuri, au mtu kageuza tarakimu mbili. Omba picha ya mlango wa kontena, siyo namba iliyochapwa kwenye meseji.

Mwisho kabisa ni skani mbaya, picha ya simu yenye kivuli cha kidole. Hii usiizungumzie sana, skani upya tu.

Simama hapa kama: ombi limerudi kwa sababu ya thamani, yaani wanaona bei uliyoandika ni ndogo mno kwa bidhaa hiyo. Hilo usijibu mwenyewe kwa kutengeneza invoisi nyingine. Invoisi mbili za mzigo mmoja zenye bei tofauti ni ushahidi dhidi yako. Au kama mzigo una kemikali, asidi, betri za lithiamu, rangi, gesi, vitu vinavyowaka. Mizigo ya migodi ya Katanga imejaa hivi vitu, na hiyo inaenda kwa kanuni za mizigo hatari za IMDG, inataka shiti ya usalama ya bidhaa na tamko maalum. Usifiche betri ndani ya "vifaa vya umeme" ili cheti kitoke haraka, meli zimeungua kwa sababu ya vitu vilivyoandikwa jina lingine. Tafuta fowada anayeshika mizigo hatari.

Dalili: ombi limenyamaza, halijakubaliwa wala kukataliwa

Angalia kwanza kitu rahisi kuliko vyote: drafti ya cheti imeshatoka inasubiri uithibitishe. Ajenti huwa anatuma drafti usome, ukisema sawa ndo anatoa chenyewe. Lakini aliyeomba ni saplaya au fowada wake, kwahiyo drafti iko kwenye imeili ya dada wa ofisini Ningbo ambaye hajui anatakiwa afanye nini nayo, na kwa uhakika hajui Kifaransa. Muulize yeye kabla hujamlaumu ajenti. Na mwambie aku-fowadie, usome wewe.

Kama siyo hiyo, ni hela. Umetuma kwa benki, benki ya katikati imekata chake, imefika pungufu dola ishirini na kitu, na mfumo hauachii cheti kwa malipo pungufu. Ukituma mwambie mtu wa benki makato yote yawe juu yako. Au hela imefika kamili ila hukuandika namba ya ombi kwenye maelezo, imekaa tu haijulikani ya nani. Tuma swifti ya malipo (karatasi la benki linaloonyesha hela imetumwa) pamoja na namba ya ombi kwenye imeili moja, siyo mbili.

Halafu kuna saa na sikukuu, watu wanasahau. Kinshasa iko nyuma ya Dar kwa masaa mawili, Lubumbashi kwa saa moja. Ukianza kupiga simu saa mbili asubuhi ya Dar, Kinshasa ni saa kumi na mbili, nani atapokea. Tarehe 30 Juni ni uhuru wao, Januari wana siku za mashujaa katikati ya mwezi, na upande wa pili mwaka mpya wa Kichina unafunga viwanda na ofisi za fowada. Mzigo uliopakiwa wiki ya mwisho kabla ya mwaka mpya wa Kichina ndo wenye makaratasi mabovu kuliko yote ya mwaka mzima, kila mtu alikuwa anakimbilia treni.

Ikishindikana yote hayo, uliza swali baya: je, ombi liliwahi kutumwa kweli? Omba namba ya ombi. Asiyekuwa nayo hajaomba.

Dalili: laini ya meli inataka namba ya cheti, ajenti wa cheti anataka BL

Watu wanakwama hapa wakidhani ni mzunguko usio na mwisho. Hauna ugumu huo. Ajenti hahitaji BL ya mwisho, anahitaji drafti. Fowada akishatuma maelekezo ya BL kwa laini ya meli, laini inarudisha drafti. Hiyo drafti ndo inaenda kwa ajenti, cheti kinatoka, namba inarudi kwa laini inaandikwa, BL ya mwisho inachapwa. Kinachovunja huu mnyororo ni muda, siyo utaratibu.

Kutoka China una wiki kadhaa za meli kuwa baharini kwahiyo hata ukichelewa kidogo kuna pa kupumulia. Jebel Ali, bandari ya Dubai, ni hadithi nyingine, safari ni fupi mno, mfanyabiashara wa Deira anapakia leo makaratasi anaanza kufikiria wiki ijayo, wakati huo meli inakaribia kutia nanga Dar. Mzigo wa Dubai anza cheti siku ile ile unapopata namba ya bukingi. Kuna laini ambazo hazipakii kabisa bila namba na kuna ambazo zinapakia halafu zinashikilia BL, uliza mapema yako ni ya aina gani.

Kama BL imeshatoka bila namba na meli haijafika, bado una nafasi ya kuomba marekebisho kwa laini, utalipia. Manifesti ikishaingia forodha, marekebisho yanakuwa na mlango wa pili, forodha nao lazima wakubali. Hapo usihangaike peke yako, aombe wakala mwenye leseni pale pale bandarini.

Dalili: cheti kimetoka vizuri, halafu BL ikabadilika

Inatokea hivi: kontena liliachwa na meli ya kwanza likapanda ya pili, au lilibadilishwa kwa sababu la kwanza lilikuwa na tundu, au mzigo ulishushwa na kupakiwa meli nyingine katikati ya njia, au mwenye mzigo kauza ukiwa baharini na jina la mpokeaji limebadilika.

Siyo kila badiliko lina uzito sawa. Jina la meli na namba ya safari ni marekebisho madogo, mpe ajenti taarifa mara moja atarekebisha. Namba ya kontena ni kubwa zaidi, maana mpakani wanasoma namba iliyoko mlangoni na namba iliyoko kwenye cheti. Jina la mpokeaji ndo kubwa kuliko yote, jiandae kuombwa barua ya aliyetajwa mwanzo kwamba anauachia mzigo, na pengine kuanza cheti upya.

Kitu cha kufanya kabla ya yote: usibadilishe BL kabla hujamwambia ajenti wa cheti. Watu wanabadilisha BL, wanafurahi, wanagundua Tunduma kwamba cheti bado kina habari za zamani.

Na tafadhali, PDF ya cheti usiiguse. Kuna vijana wa stesheneri wanaojua kubadilisha namba kwenye PDF kwa elfu kumi. Karatasi litapendeza, namba kwenye mfumo wa Kinshasa haitabadilika, na hapo umetoka kwenye kosa la makaratasi umeingia kwenye kughushi. Yakifikia hapo siyo wakala tena, ni mwanasheria.

Dalili: karatasi unalo mkononi, Kasumbalesa wanakwambia halipo

Lori limeshapita Tunduma, limevuka Zambia yote, limesimama Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, dereva anapiga simu. Sababu za kawaida:

Cheti siyo hicho. Mtu ana karatasi la BIVAC, lile la ukaguzi wa bidhaa kabla ya kusafirishwa, anadhani ndo cheti cha mzigo. "Kaka mbona nimelipa tayari na muhuri upo?" Umelipa ndio, umelipia kingine. Karatasi la ukaguzi linaangalia ubora, idadi na bei ya bidhaa na linafanya kazi pamoja na OCC, ofisi ya ukaguzi ya Kongo, na leseni ya kuagiza iliyopitia benki. Cheti cha OGEFREM kinahusu freti na safari. Kimoja hakifuti kingine. Na hapo kuna bima pia, sheria ya bima ya Kongo ya 2015 inataka mzigo unaoagizwa ukatiwe bima kwa kampuni ya Kongo, kwahiyo lile karatasi la bima la saplaya wa China halimalizi habari.

Kongo siyo hiyo. Hii ikikupata inauma. Kongo Brazzaville ina cheti chake, BESC, na bandari yake ni Pointe-Noire. Fowada wa Ulaya au China akiandika "Congo" tu, anakatiwa cha Brazzaville, na kila kitu kinaonekana sawa mpaka mpakani. Soma cheti juu kabisa: kinasema OGEFREM au hakisemi? Hakisemi, hiyo hela imeenda. Ndo maana kwenye kila karatasi andika DRC au RDC kamili, usiache "Congo" peke yake hata kwenye meseji.

Ni drafti. Karatasi ulilochapa ni ile ya kuthibitisha, ya mwisho haikutolewa kwa sababu malipo hayakukamilika. Angalia kama ina namba ya mwisho.

Ni feki. Vishoka wapo Dar, wapo Lubumbashi, wapo na Guangzhou. Bei yao iko chini kidogo, wanatoa ndani ya masaa, wanalipwa kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kabla lori halijatoka Dar peleka namba ya cheti ikahakikiwe kwa OGEFREM au ajenti wake aliyeidhinishwa, ni kazi ya imeili moja. Ukishajua ni feki usijaribu "kuongea vizuri" na mtu pale mpakani ukitumia hilo hilo karatasi. Lisimamishe lori, ita wakala wa forodha wa upande wa Kongo mwenye kibali, aombe utaratibu wa kulipia upya. Utalipa mara mbili pamoja na faini, na bado ni nafuu kuliko lori na mzigo kushikiliwa.

Ya mwisho na ya nadra ni mfumo wenyewe kuwa chini. Ipo, ila kila mtu anaisingizia. Kama malori mengine yanapita na lako limesimama, siyo mfumo.

Dalili: mzigo umeshafika bandarini na cheti hakipo kabisa

Tulia kwanza, halafu anza kuhesabu siku. Hesabu tatu zinakimbia pamoja: storeji ya bandari, dimareji ya laini ya meli (tozo ya kuchelewesha kontena lao), na faini ya cheti chenyewe kuchelewa. Uliza siku za bure za kila moja zinaisha lini, siyo moja tu, watu wanauliza storeji wanasahau kontena ni mali ya laini.

Omba cheti leo hata kama makaratasi hayajakamilika, maana namba ya ombi itakusaidia kuonyesha kwamba unashughulika. Ajenti atakwambia ni cha kuchelewa na kina nyongeza, omba mchanganuo kwa maandishi, cheti kiasi gani, faini kiasi gani, huduma kiasi gani. Asiyetaka kuandika mchanganuo achana naye. Wakati huo huo wakala wako wa Dar aendelee na hatua za transiti za upande wa Tanzania ambazo hazisubiri cheti, kusudi siku kitakapotoka lori liwe tayari. Wengi wanasimamisha kila kitu wakisubiri cheti, halafu kikitoka ndo wanaanza kutafuta lori, wiki nyingine imekwenda.

Kishawishi kikubwa hapa ni mtu kukwambia "tuupeleke hivyo hivyo mpaka mpakani, tutamalizana huko". Usikubali. Dar mzigo uko sehemu yenye bei inayojulikana. Mpakani utalipa lori kusimama, maegesho, na kila anayepita anajua huna pa kwenda.

Kama mzigo umekaa mpaka forodha wametoa notisi ya kuuweka kwenye orodha ya mnada, hapa siyo pa kujisomea mtandaoni. Nenda na wakala mwenye leseni, siku hiyo hiyo.

Mzigo wa kuchangia kontena, na magari

Ukichangia kontena na wenzako, kuna BL ya masta ya kontena zima na BL ya hausi ya kila mmoja. Shida ya kawaida ni mkusanyaji kukata cheti kwa ya masta, jina lake, mzigo wote jumla, halafu we na boksi zako huna chochote cha kumuonyesha DGDA. Uliza kabla ya kumkabidhi mzigo: cheti kitakatwa kwa BL ipi na kwa jina la nani? Akijibu "usijali bosi", anza kujali. Na mmoja wenu akiwa na bidhaa yenye shida, kontena zima linasimama, hilo halina dawa zaidi ya kumchagua mkusanyaji vizuri.

Magari tatizo lake ni chesisi. Gari la Ulaya au Marekani lina namba ya herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna kabisa herufi I, O wala Q, kwahiyo ukiona O kwenye hizo 17 ujue ni sifuri. Gari lililotengenezwa kwa soko la Japani halina 17, lina code ya modeli, kistari, halafu tarakimu sita au saba. Fomu ikikataa kwa kusema namba ni fupi, usiongezee masifuri mbele ili zitimie 17, kuna waliofanya hivyo na gari likawa halifanani na cheti wala na bati la chesisi. Mwandikie ajenti kwamba ni gari la Japani, ataingiza kwa mkono. Na kama umejaza ndani ya gari matairi, TV na magodoro, hivyo vitu lazima vionekane kwenye BL, la sivyo gari lina cheti na mzigo wa ndani hauna.

Ukimuomba mtu msaada, mtumie hivi

Usimwandikie wakala "habari, FERI yangu imekwama, nisaidie". Atakuuliza maswali kumi na siku itaisha. Kwenye imeili moja weka: drafti au BL ya mwisho, invoisi ya biashara, invoisi ya freti, pakingi list, namba ya ombi la cheti, ujumbe wa kukataliwa kama ulivyo kwa Kifaransa chake bila kuutafsiri, swifti ya malipo, jina la meli na siku inayotegemewa kufika, njia ya mzigo (Kasumbalesa, Kasindi, au kupitia Kigoma kwa ziwa mpaka Kalemie au Uvira), na nani hasa aliyeomba cheti. Majina ya mafaili yawe yanaeleweka, siyo "IMG" na namba. Picha za WhatsApp zinabanwa mpaka tarakimu hazisomeki, tuma kama dokyumenti.